Filamu, Vichekesho na Muziki wa Makelele: Mama, Umeshakaa Ukasikiliza?

Katika vikundi vyetu vya akina mama kanisani kuna swali ambalo haliishi. Huulizwa baada ya maombi, chai inapomiminwa, tena kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la aibu: watoto wanaangalia filamu za Kizungu na kusikiliza nyimbo za makelele, je, tuwakataze zote au tuwaachie? Zamani swali hili lilihusu kanda za video na vile vibanda vya kuonyeshea sinema. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, likahamia sebuleni. Leo limo ndani ya simu. Mtoto ameziba masikio kwa visikilizi na mama hajui hata kinachoimbwa.

La kushangaza ni kwamba vitu vyenyewe mara nyingi ni vilevile vya miaka ya tisini. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wanavaa fulana za bendi ya Nirvana zilizonunuliwa mtumbani. Wadogo zao wanaangalia The Lion King hadi wanajua kila neno, na Krismasi ikifika ni Home Alone tena.

Hivyo tumeona tuandike maoni yetu juu ya baadhi ya hivyo vilivyozagaa majumbani. Hii si hukumu ya kanisa, wala hatukutumwa na mchungaji. Sisi ni wauguzi kwa kazi, na wodini tumejifunza jambo moja: mgonjwa anayepiga kelele si lazima awe ndiye aliyezidiwa. Aliyegeukia ukutani akanyamaza, huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza. Tunapoangalia filamu au kusikiliza wimbo tunafanya hivyohivyo. Hatuulizi kwanza kelele ni kiasi gani. Tunauliza, maumivu yako wapi?

Tuanze na The Lion King, ambayo kila mama huiona ni salama kwa sababu ni katuni ya wanyama. Ilitoka mwaka 1994 na kampuni ya Disney, na sisi Waswahili tuna haki ya kuizungumzia kwa sababu majina yake mengi ni yetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Sarabi ni yale mazigazi yanayoonekana kama maji barabarani wakati wa jua kali, na Pumbaa, masikini, amepumbaa. Hata ule msemo wa "hakuna matata" Disney waliuandikisha Marekani kama alama yao ya biashara mwaka 2003, jambo ambalo watu wengi walilipinga mwaka 2018 kwa kukusanya saini. Tulicheka kidogo, maana nani huku kwetu anayesema "hakuna matata" isipokuwa anapoongea na mtalii? Sisi husema hakuna shida.

Lakini hebu tazama hadithi yenyewe. Mtoto anamwona baba yake akifa. Baba mdogo wake, ambaye ndiye muuaji, anamwambia kwamba kosa ni lake yeye mtoto, akimbie asirudi. Mtoto anakimbia. Huko porini anakutana na wenzake wawili wachangamfu wanaomfundisha wimbo wa kusahau kila kitu, na kwa muda wa wimbo mmoja anakua kutoka kitoto hadi simba mwenye manyoya shingoni. Watoto wetu wanacheza wakati huo, na muziki wenyewe unachezeka kweli.

Akina mama, hapo ndipo penye jambo. Yeyote aliyefanya kazi na watoto waliofiwa atakuambia kwamba mtoto mdogo huamini kabisa kuwa yeye ndiye aliyesababisha kifo. Alimkasirikia baba asubuhi, jioni baba akaletwa maiti. Katika akili ya mtoto mambo hayo mawili yameshikana. Hasemi. Atakojoa kitandani, ataumwa tumbo lisiloonekana ugonjwa, ataanguka darasani, lakini hasemi. Na sisi watu wazima tunamfanyia nini? Tunampeleka kwa shangazi yake wakati wa mazishi, tunamnunulia soda, tunamwambia acha kulia. Huo ndio wimbo wa Timon na Pumbaa, isipokuwa hauna ngoma. Filamu yenyewe inajua kwamba dawa hiyo haikufaa, kwa sababu simba yule amekua na bado halali vizuri, hadi pale anaporudi nyumbani na kuambiwa ukweli.

Kwa maoni yetu ni filamu nzuri sana kwa nyumba yenye msiba, lakini si ya kumwachia mtoto peke yake huku mama akiwa jikoni. Kaa naye. Mufasa akianguka, mshike mkono. Ikiisha mwulize, "Je, Simba ndiye aliyemuua baba yake?" Halafu usiseme kitu, ngoja ajibu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano tungengoja kidogo, maana kile kifo ni cha kutisha na fisi ni wengi.

Home Alone, ya mwaka 1990, ni kinyume chake. Hapa watu wanaumia kila dakika na hakuna anayesikia maumivu. Kijana wa miaka minane, Kevin, anasahaulika nyumbani ukoo mzima ukisafiri kwenda Paris kwa Krismasi, na wezi wawili wanaingia. Anawatengenezea mitego: pasi inamwangukia mmoja usoni, mwingine anachomwa moto kichwani, kopo la rangi linawapiga wakiwa kwenye ngazi. Sisi tuliocheka tulicheka, hatukatai. Lakini kama wauguzi tunajua kwamba pasi ikianguka kutoka juu namna ile, mtu hasimami tena. Watoto wa darasa la pili hawajui hilo. Waambieni waziwazi: wale ni waigizaji, kuna watu maalumu wa kuanguka, na moto wa kweli hauachi mtu akitoka moshi kichwani huku anatembea. Wodi za walioungua zina watoto wengi, na hakuna anayecheka humo.

Katika filamu hiyo kuna sehemu moja tunayoipenda. Usiku wa kuamkia Krismasi Kevin anaingia kanisani akiwa peke yake, na yule mzee jirani ambaye watoto wote wanamwogopa anakuja kukaa karibu naye. Kumbe mzee amegombana na mwanawe wa kiume na hawaonani. Mtoto anamshauri apige simu. Tumejiuliza mara nyingi ni wazee wangapi katika ibada zetu wanaokaa nyuma na kumsikiliza mjukuu akiimba kwaya, kisha wanatoka kabla ya baraka ili wasikutane na mtoto wao mlangoni.

Tuje kwenye vichekesho vya televisheni. Mr. Bean hatuna ugomvi naye. Vipindi vyake vya kwanza vilionyeshwa Uingereza kuanzia mwaka 1990 hadi 1995. Karibu hasemi neno, kwa hiyo hata bibi asiyejua Kiingereza anacheka sawasawa na wajukuu. Katika kipindi cha kwanza kabisa anasinzia kanisani hadi anateleza chini ya benchi. Wazee wa kanisa tuliowaonyesha walicheka kuliko vijana, na tunajua kwa nini.

Vya kwetu je? Wakenya walikuwa na Vitimbi, na Mzee Ojwang, ambaye kwa jina lake aliitwa Benson Wanjau na akafariki mwaka 2015. Sisi tulikuwa na King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Waliwachekesha watu bila kuhitaji gari la kifahari wala nyumba ya ghorofa, na kila mtu alimwona jirani yake ndani yake. Tatizo letu liko kwa baadhi ya waliofuata, ambao wakikosa la kuchekesha humwiga kigugumizi, au kiziwi, au mke mnene. Mama mwenye mtoto mwenye kigugumizi anaijua siku inayofuata shuleni.

Wasomaji watauliza juu ya The Cosby Show, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1984 hadi 1992, kwa sababu ilipendwa sana makanisani. Daktari wa wajawazito, mkewe mwanasheria, watoto watano, hakuna matusi. Bill Cosby baadaye alishutumiwa na wanawake wengi. Mwaka 2018 mahakama huko Pennsylvania ilimtia hatiani kwa kumdhalilisha mwanamke kingono, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaifuta hukumu kutokana na namna mashtaka yalivyoendeshwa. Maoni yetu ni mafupi. Hatukitumii tena kipindi hicho kwenye semina za ndoa. Kuna mabinti na akina mama wanaokaa kwenye zile semina ambao wamefanyiwa mambo na watu wanaoheshimika, na tukimweka yule baba mbele yao kama kielelezo tunawaambia wanyamaze.

Badala yake tunapendekeza The Fresh Prince of Bel-Air, cha mwaka 1990 hadi 1996. Kijana anayeitwa Will anatolewa na mama yake mtaani kwao Philadelphia, anapelekwa California kukaa kwa dada ya mama na mumewe tajiri. Vichekesho vyake vingine ni vya ovyo, na wasichana wanaangaliwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa. Lakini kuna kipindi kimoja cha mwaka 1994 ambacho kila mama anayelea mtoto peke yake anastahili kukiona. Baba wa Will anatokea baada ya miaka 14. Ni dereva wa lori, mcheshi, mwenye ahadi tamu. Atamchukua mwanawe wasafiri pamoja. Will anafunga mizigo. Siku ya kuondoka baba anatafuta udhuru, anataka kwenda bila hata kuaga.

Baada ya hapo watazamaji hawacheki tena. Kijana anajikaza kwanza, anahesabu yote aliyojifunza bila baba: kunyoa, kuendesha gari, kupigana. Anaapa kwamba atakuwa baba bora. Kisha nguvu zinamwishia, na anauliza kwa nini hatakiwi. Mume wa mama yake mdogo, aliyeigizwa na James Avery, hamjibu. Anamkumbatia tu.

Kwa Kiingereza mzee yule anaitwa mjomba, kwa kuwa wenzetu hawana neno jingine. Kwa Kiswahili mume wa mama mdogo ni baba mdogo, mume wa mama mkubwa ni baba mkubwa. Ni baba kamili. Lugha yetu ilishampa kazi hiyo zamani, ila siku hizi wengi wanaona kazi yao inaishia kutoa mchango wa harusi. Akina mama mliobaki na wavulana, mwonyesheni shemeji yenu kipindi hicho. Hana haja ya kuhubiriwa, aangalie tu.

Sasa muziki, na hapa ndipo tunapopata malalamiko mengi kuliko kwingine. Kuna aina ya roki iliyopata jina la "mbadala" mwanzoni mwa miaka ya tisini, hasa kutoka jiji la Seattle, Marekani. Magitaa yanakwaruza, mwimbaji anapiga kelele, maneno hayasikiki. Akina mama wengi huamua mara moja kwamba ni muziki wa shetani. Ziko bendi zilizojitangaza hivyo ili ziuze, na kwa hizo hatuna utetezi wowote. Lakini nyingi zilizo kwenye simu za watoto wetu si hizo.

Chukua wimbo wa "Zombie" wa bendi ya The Cranberries kutoka Ireland, wa mwaka 1994. Jina linatisha, na mwanamke yule anaimba kama anayepasuka koo. Dada Dolores O'Riordan alikuwa Mkatoliki wa Limerick aliyekulia katika uimbaji wa kanisani. Tarehe 20 Machi 1993, siku ya Jumamosi, mabomu mawili yaliyotegwa ndani ya mapipa ya taka na wapiganaji wa IRA yalilipuka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Kesho yake ilikuwa Siku ya Akina Mama nchini humo, na watu walikuwa wakinunua zawadi na kadi. Watoto wawili waliuawa, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Dolores aliandika wimbo ule kwa ajili yao. Makelele yale ni kilio cha msibani, na kama umewahi kusikia mama akipokea habari ya mtoto wake kwenye korido ya hospitali, unajua kwamba hailiwi kwa sauti nzuri. Sisi tukiusikia wimbo ule hatumwambii kijana apunguze. Tunamwuliza kama anajua ni wa nani.

Dolores mwenyewe alifariki London mwezi Januari 2018, akiwa na miaka 46 na watoto watatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba alizama ndani ya bafu kwa sababu ya ulevi. Alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba alidhulumiwa utotoni na kwamba anaugua ugonjwa wa akili. Tunalitaja hili kwa heshima, kwa sababu wengi wa waimbaji hawa walikuwa wagonjwa, na watu walinunua tiketi kuwasikiliza.

Kurt Cobain wa Nirvana ndiye anayejulikana zaidi. Alizaliwa mwaka 1967 katika mji mdogo wa Aberdeen, jimbo la Washington. Wazazi wake walitengana akiwa na miaka tisa, na tangu hapo alihamishwa kutoka nyumba hii hadi ile. Alikuwa na maumivu ya tumbo ya muda mrefu ambayo madaktari hawakuyapatia jibu, akawa anajitibu mwenyewe kwa heroini. Albamu yao ya Nevermind ilitoka mwaka 1991, na Januari 1992 ikaishusha albamu ya Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza Marekani. Mwezi Aprili 1994 alijiua akiwa na miaka 27. Binti yake hakuwa amefikisha miaka miwili.

Katika muziki wake kuna ukweli, kuna uchungu, na kuna mahali pengine pa kejeli tu. Hatuamini kwamba wimbo unaua mtoto mwenye afya. Tunaamini kwamba mtoto aliyekwisha kukata tamaa hutafuta sauti inayofanana na yake, na akiipata huisikiliza mara mia. Kumnyang'anya simu ni kumwondolea dalili, ugonjwa ukabaki.

Tena si kila roki ya namna hiyo inaimba kukata tamaa. Bendi ya R.E.M. ilitoa mwaka 1992 wimbo wa taratibu, "Everybody Hurts," wenye maneno mepesi kwa makusudi kwa sababu uliwalenga vijana. Unawaomba wavumilie, wasijione wako peke yao. Mwaka 2010 wanamuziki wa Uingereza waliuimba upya kuchangia waliokumbwa na tetemeko la Haiti. Tumewahi kuucheza katika mkutano wa vijana, tukawaeleza maneno yake kwa Kiswahili. Kelele zote zilikoma, na vijana wawili walibaki baada ya sala ya kufunga.

Kwa hiyo ukimwona kijana wako anarudia wimbo mmoja usiku kucha, usianze na wimbo. Angalia anavyokula, anavyolala, kama ameacha marafiki, ameacha mpira au kwaya, anagawa vitu vyake, anasema kwamba nyumba ingekuwa bora bila yeye. Kaa kitandani kwake, omba kisikilizi kimoja uweke sikioni mwako, msikilize pamoja hadi mwisho. Halafu mwulize anapenda nini humo. Kama jibu linakutia wasiwasi, mwulize waziwazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Akina mama wengi huogopa neno hilo, wakidhani litampa wazo. Halimpi. Mwenye wazo hilo hupumua anapoona kuna mtu anayeweza kulitamka bila kupiga kelele.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo. Asubuhi mpeleke hospitali, useme kule mapokezi kwamba ni dharura kama ilivyo kwa mwenye homa kali. Mchungaji aitwe pia aombe naye, lakini maombi yasiwe sababu ya kuahirisha safari ya hospitali. Na kabla ya kulala kusanya dawa zote za nyumbani, za presha za bibi, za maumivu, na ile sumu ya kunyunyizia mahindi iliyo stoo. Zifungie kabatini, ufunguo ukae nao wewe.